Jinsi mtandao wa neva bandia unavyosoma spektra ya mionzi ya gama

Lori lenye shehena ya mbolea ya fosfeti linapopita katikati ya nguzo mbili za kupimia mionzi kwenye lango la bandari, kengele inaweza kulia ingawa hakuna aliyeficha kitu chochote ndani ya mzigo. Fosfeti ya asili huwa na urani kidogo ndani yake, na ile inayochimbwa Minjingu, kaskazini mwa Tanzania, inajulikana kwa kuwa na urani nyingi kuliko fosfeti za mahali pengi duniani. Kengele hiyo hiyo huweza kulia kwa ajili ya vigae vya sakafu, kwa ajili ya mawe ya matale, na hata kwa ajili ya dereva aliyetoka hospitali siku chache nyuma, alikopewa iodini nururishi ya kutibu tezi ya shingo. Inachosema kengele ni kwamba mionzi imezidi kiwango cha kawaida cha mahali pale. Imetoka kwenye nini, haijui. Jibu la swali hilo la pili limo ndani ya spektra, na makala haya yanaeleza jinsi mitandao ya neva bandia, ambayo ni tawi mojawapo la kile kinachoitwa siku hizi akili mnemba, inavyolitafuta jibu hilo, mahali inapozishinda mbinu za zamani, na mahali isipostahili kuaminiwa bila kuhojiwa.

Tuanze na spektra yenyewe. Kiini cha atomu nururishi kinapobadilika, mara nyingi hutoa fotoni za gama, yaani vipande vidogo vya mionzi, na nishati ya fotoni hizo hukitambulisha kama chale za ukoo zinavyomtambulisha mtu: sesiamu-137 hujulikana kwa fotoni zenye kiloelektronivolti 661.7, ambacho ni kipimo cha nishati, au keV 661.7 kwa kifupi. Kobalti-60 hutoa za namna mbili, za keV 1173 na za keV 1332. Potasiamu-40, ambayo imo katika ndizi, katika udongo na katika misuli ya kila mmoja wetu, hutoa za keV 1461. Kigunduzi hupokea fotoni moja baada ya nyingine, hupima kila moja imeacha nishati kiasi gani ndani ya fuwele yake, kisha huongeza 1 katika chaneli inayolingana na nishati hiyo. Kikiachwa kifanye kazi kwa dakika kadhaa, hutoa safu ndefu ya hesabu, kwa kawaida ya chaneli 1024 au zaidi, na safu hiyo ikichorwa huonekana kama mstari wenye miteremko, mabonde na vilele. Mstari huo ndio spektra.

Lau kila fotoni ingeacha nishati yake yote ndani ya fuwele, kazi ingekuwa nyepesi: tungeona vilele vitupu, na mtu angevisoma kama asomavyo rula. Lakini fotoni nyingi hugonga elektroni, huiachia sehemu tu ya nishati, kisha hutoka nje ya fuwele zikiwa zimebaki na nyingine, jambo ambalo Arthur Compton alilieleza mwaka 1923 na ambalo lilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1927. Kwa fotoni ya sesiamu-137, nishati kubwa kabisa inayoweza kuachwa kwa mgongano mmoja wa namna hiyo ni takriban keV 477. Ndiyo maana spektra ya sesiamu ina tambarare ndefu inayokatika ghafla karibu na keV 477, halafu bonde, halafu kilele cha keV 662. Kuna na kilima kidogo karibu na keV 184, kinachotokana na fotoni zilizopita pembeni, zikagonga ukuta au meza iliyo nyuma ya kigunduzi, zikarudi zikiwa zimechoka. Kwa hiyo isotopu moja tu, yaani aina moja ya atomu kama sesiamu-137, yenye mstari mmoja tu wa gama, huchora umbo zima lenye ukingo, bonde, kilima na kilele. Zikichanganyika isotopu tano, maumbo matano hupandana.

Ugumu wa kuyatenganisha hutegemea aina ya kigunduzi. Kigunduzi cha jermaniamu safi hutofautisha nishati kwa ustadi mkubwa, na vilele vyake huwa na upana wa keV 2 hivi tu. Gharama yake ni kubwa, nayo fuwele yake ni lazima ipoozwe sana, kwa desturi kwa naitrojeni kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Kigunduzi cha iodidi ya sodiamu, ambacho Robert Hofstadter alikibuni mwaka 1948, hufanya kazi katika joto la kawaida, fuwele zake zinaweza kutengenezwa kubwa, na bei yake inavumilika. Kwa hiyo ndicho kinachobebwa mkononi na kufungwa kwenye magari. Hata hivyo kilele chake cha keV 662 kina upana wa takriban asilimia 7, yaani keV 46 hivi. Hebu tuliweke hilo kando ya bismathi-214, ambayo huzaliwa na urani na radiamu za udongoni na ina mstari wenye nguvu katika keV 609. Kutoka 609 hadi 662 ni keV 53. Kwenye jermaniamu, hivyo ni vilele viwili vilivyoachana kama minazi miwili shambani. Kwenye iodidi ya sodiamu mabega yao hugusana, na hesabu zikiwa chache, mtu hawezi kusema kwa uhakika kama anaona kilele kimoja, viwili, au uvimbe usio na maana.

Uchache wa hesabu ni tatizo linalosimama peke yake. Fotoni hufika kwa bahati nasibu, na anayehesabu 100 anapaswa kutegemea kwamba akirudia kipimo kile kile atapata 90 au 110 bila kitu chochote kubadilika. Anayehesabu 10,000 ana mashaka ya asilimia 1 tu. Mwezi Januari 2023, kidonge cha sesiamu-137 chenye urefu wa milimita 8 kilianguka kutoka kwenye lori huko Australia Magharibi, katika safari ya takriban kilomita 1,400. Kilipatikana tarehe 1 Februari na gari la vigunduzi lililokuwa likienda kilomita 70 kwa saa. Kwa mwendo huo gari hupita karibu mita 19 kila sekunde, kwa hiyo muda wa kuitazama nukta moja ya barabara ni mfupi mno. Kidonge kile kilikuwa na nguvu, kikajitangaza chenyewe. Chanzo dhaifu kingeacha hesabu chache tu zilizotawanyika, na hapo ndipo mbinu ya kusoma spektra inapopimwa kwa kweli.

Mbinu ya zamani ni kutafuta vilele. Programu hupita kwenye mstari, huona panapoinuka kuliko jirani zake, huhesabu eneo lililo chini ya kilele, kisha hulinganisha nishati yake na orodha ya isotopu. Kwa jermaniamu na kwa vipimo vya saa nyingi mbinu hii ni bora, na sioni sababu ya maabara kuiacha kwa kuwa tu kuna kitu kipya mjini. Udhaifu wake ni kwamba hutupa sehemu kubwa ya habari, kwa sababu tambarare za Compton, kingo na vilima vyote huhesabiwa kuwa takataka ya kuondolewa kabla kazi haijaanza. Mtaalamu mzoefu hafanyi hivyo. Akiona kilele karibu na keV 186, anajua kinaweza kuwa cha urani-235, yenye mstari wa keV 185.7, au cha radiamu-226, yenye mstari wa keV 186.2, na tofauti ya nusu keV ni ndogo hata kwa jermaniamu. Basi huinua macho na kutazama kwingine: kama keV 352 ya risasi-214 na keV 609 ya bismathi-214 zipo kwa kiasi kinacholingana, basi radiamu ipo na uzao wake, na ndiyo ya kushukiwa kwanza. Mtaalamu husoma uso mzima, na mtandao wa neva bandia ni jaribio la kuifundisha hesabu tabia hiyo.

Jina la mitandao hii ni kubwa kuliko umbo lake. Wazo la neva ya kihesabu lilitolewa na Warren McCulloch na Walter Pitts mwaka 1943, Frank Rosenblatt akaligeuza kuwa mashine inayojifunza mwishoni mwa miaka ya 1950, na mbinu ya kufunza mitandao yenye matabaka mengi ikaenea baada ya kazi ya Rumelhart, Hinton na Williams ya mwaka 1986. Neva moja hufanya hivi: huchukua hesabu ya kila chaneli, huizidisha kwa namba iitwayo uzito, hujumlisha yote, kisha hupitisha jumla hiyo katika kanuni inayoipinda kidogo, kwa mfano inayofuta chochote kilicho chini ya sifuri. Mtandao wenye chaneli 1024 upande wa kuingilia, neva 50 katikati, na neva 20 upande wa kutokea, moja kwa kila isotopu, una namba za uzito zipatazo 52,200. Ukilinganisha na mitandao ya kuandika lugha, ambayo huhesabiwa kwa mabilioni, huu ni mtoto mchanga, na unaweza kukaa ndani ya kifaa cha mkononi bila kukilemea.

Kuufunza ni kuuonyesha spektra ambayo jibu lake linajulikana, kupima umekosea kwa kiasi gani, kusogeza kila uzito kidogo kuelekea upande unaopunguza kosa, na kurudia hivyo maelfu kwa maelfu ya mara. Kinachotokea ndani yake si fumbo kama inavyodhaniwa. Neva inayowajibika kwa sesiamu hupata uzito chanya katika chaneli za karibu na keV 662, jambo ambalo kila mtu angelitarajia. Lakini hupata pia uzito hasi katika chaneli za keV 1120 na keV 1764, ambazo ni mistari mingine ya bismathi-214, kwa maana kwamba zikionekana fotoni za huko juu, sehemu ya kile kilichopo karibu na keV 662 ni bega la bismathi wala si sesiamu. Hakuna aliyeuambia mtandao kanuni hiyo. Umeiokota kutoka kwenye mifano, na ni ile ile anayoitumia mtaalamu anapoinua macho kutazama kwingine.

Wazo la kuzitumia neva bandia kwa spektra za nyuklia si la juzi. Watafiti wa Hispania walichapisha kazi ya namna hiyo mwaka 1991, na katika miaka iliyofuata Paul Keller na Richard Kouzes, katika maabara ya taifa iliyoko Richland, jimbo la Washington nchini Marekani, waliulisha mtandao spektra nzima badala ya orodha ya vilele. Mahali penyewe panaeleza sababu. Richland iko jirani na Hanford, eneo lililozalisha plutoniamu tangu wakati wa Vita Vikuu vya Pili na kuachiwa mlima wa taka nururishi ambazo kila pipa lake lilihitaji kutambuliwa. Walijaribu mitandao yenye matabaka, lakini walijaribu pia kumbukumbu shirikishi ya mstari, ambayo haipindi chochote. Huzidisha na kujumlisha tu.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu waandishi wengi huparuka. Spektra ya mchanganyiko, kwa kukaribia sana, ni jumla ya spektra za isotopu zilizomo. Tatizo likiwa ni jumla tupu, njia ya kulifumbua inajulikana tangu enzi za wanahisabati Gauss na Legendre: ni mbinu ya miraba midogo kabisa, ambayo hutafuta kila isotopu ichukuliwe kwa kipimo gani ili jumla ikaribiane na spektra iliyopimwa. Kumbukumbu shirikishi ya mstari ni mbinu hiyo hiyo iliyovaa kanzu nyingine. Kwa hiyo mtu akidai kwamba mtandao wake umetambua sesiamu, kobalti na amerisiamu zilizowekwa mezani mbele ya kigunduzi kilichorekebishwa vizuri asubuhi ile, sina cha kumsifu; hesabu za karne mbili zilizopita zingefanya hivyo na kutoa kadirio la mashaka juu yake.

Mtandao wenye matabaka hustahili nafasi yake pale jumla tupu inapovunjika, na katika kazi halisi huvunjika kila siku. Sababu ya kwanza ni kinga. Amerisiamu-241 hutoa fotoni za keV 59.5, na risasi yenye unene wa milimita 1 hupitisha chini ya asilimia 1 ya fotoni hizo, ilhali fotoni za sesiamu zinazopenya risasi ile ile ni karibu asilimia 88. Chuma, maji, saruji na mzigo wenyewe hubadilisha umbo la spektra, kila kimoja kwa namna yake, kwa hiyo isotopu moja haina tena umbo moja la kutafutwa bali familia nzima ya maumbo. Sababu ya pili ni joto. Fuwele ya iodidi ya sodiamu na mirija inayokuza mwanga wake hubadilika kadiri jua linavyopanda, na kipimo cha nishati kikiteleza kwa asilimia 3 tu, kilele cha sesiamu huhamia karibu na keV 642 au keV 682. Mbinu ya miraba hupotea njia hapo, kwa kuwa inalinganisha chaneli na chaneli. Mtandao ulioonyeshwa spektra zilizoteleza kwa viwango mbalimbali hujifunza kwamba umbo lote limesogea pamoja, nao husamehe.

Msamaha huo una mpaka wake. Watafiti wengi siku hizi hutumia mitandao ya konvolusheni, iliyopata sifa kwa kutambua picha, ambayo hupitisha dirisha dogo kwenye data na kutafuta umbo popote lilipo. Kwa picha hilo ni busara, maana paka ni paka akiwa kulia au kushoto. Kwa spektra ni hatari, kwa kuwa mahali pa kilele ndipo jina lake lilipo, na kilele hicho hicho kikihamishwa keV 200 si isotopu ile tena. Mitandao hii hufaulu kwa sababu matabaka ya mwisho hurudisha kumbukumbu ya mahali, lakini anayeijenga anapaswa kulijua jambo hilo, asinakili mfumo wa picha kama ulivyo.

Kazi kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kuandaa mifano. Hakuna maabara yenye kila isotopu, nyuma ya kila kinga, kwa kila umbali, kwa kila joto, kwa hiyo sehemu kubwa ya spektra za kufunzia huigizwa kwa kompyuta, kwa programu kama Geant4, iliyoanzia CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, au MCNP ya maabara ya Los Alamos nchini Marekani, ambazo hufuatilia fotoni moja moja kwa bahati nasibu hadi inapoishia. Juu ya spektra hizo huongezwa mtikisiko wa hesabu chache, mtelezo wa nishati, na mionzi ya asili ya mahali. Mtandao uliofunzwa hivyo ukijaribiwa kwa spektra nyingine zilizotoka kwenye uigizaji ule ule, karibu kila mara hupata alama za juu, na alama hizo zinamsifu mwigizaji kuliko mtandao. Jaribio lenye uzito ni lile la spektra zilizopimwa uwanjani, na kigunduzi kingine, siku nyingine.

Mionzi ya asili ya mahali ndiyo inayowaangusha wengi. Mvua kubwa ikinyesha huosha uzao wa radoni uliomo hewani na kuuteremsha ardhini, kwa hiyo risasi-214 na bismathi-214 huongezeka ghafla, kisha hupungua taratibu, kwa kuwa nusumaisha zake, yaani muda wa kila moja kupungua hadi nusu, ni takriban dakika 27 na dakika 20. Mtandao uliofunzwa kwa spektra za kiangazi unaweza kuiona mvua ya masika kama shehena ya urani. Au tuende Mrima, kilima chenye msitu wa kaya ya Wadigo katika kaunti ya Kwale, ambacho miamba yake ina niobiamu, madini adimu na thoriamu nyingi. Huko mistari ya uzao wa thoriamu, kama keV 239 ya risasi-212, keV 911 ya aktiniamu-228 na keV 2614 ya thaliamu-208, ni sehemu ya maisha ya kawaida. Mtandao uliolelewa kati ya kuta za maabara ya Ulaya ungepiga kelele kila hatua. Wenye kigunduzi wakiuchoka na kupandisha kiwango cha kengele, chanzo cha kweli kingepita chini ya pua zao. Dawa ni kukusanya mionzi ya asili ya mahali husika, kwa misimu yake, na kuiingiza katika mafunzo.

Kuna kasoro nyingine isiyoonekana kwa macho. Mtandao wenye majibu 20, ulioundwa ili majibu hayo yagawane asilimia 100, utagawa asilimia 100 hata ukiletewa isotopu ya 21 ambayo haukuwahi kuiona, na unaweza kuitaja kwa jina la jirani yake kwa uhakika wa asilimia 97. Neno "sijui" halimo katika msamiati wake mpaka apatikane wa kuliweka. Njia mojawapo ni kuipa kila isotopu jibu lake lisilotegemea mengine, ili yote yaweze kuwa chini kwa pamoja. Njia hiyo inafaa pia kwa mchanganyiko, ambamo isotopu mbili zote zina haki ya kuwapo. Njia nyingine ni kufunza mtandao wa aina tofauti, unaobana spektra ya mionzi ya asili katika namba chache na kuijenga upya kutoka kwenye namba hizo. Mtandao huo huzoea kujenga kilicho cha kawaida tu, kwa hiyo spektra yenye kitu kigeni hujengwa vibaya, na tofauti kati ya iliyopimwa na iliyojengwa humwonyesha mtumiaji kwamba kuna jambo, na ni katika nishati zipi.

Tumrudie dereva wetu mwenye iodini. Iodini-131 ina kilele kikuu cha keV 364, na plutoniamu-239 ina mistari ya keV 375 na keV 414. Katika kigunduzi cha iodidi ya sodiamu, keV 364 na keV 375 ni kilele kimoja, na iodini nyingi inaweza kuifunika plutoniamu kidogo. Mtandao uliofunzwa vizuri utatafuta pia keV 284 na keV 637, ambazo ni mistari midogo ya iodini, uone kama uwiano wake na kilele kikuu ni ule unaotarajiwa baada ya fotoni kupita katika mwili wa mtu, kisha uangalie kama upande wa keV 414 umeinuka kuliko iodini peke yake inavyoweza kuuinua. Ukiwa na sekunde 10 za hesabu unaweza kutoa iodini kwa asilimia kubwa na kuiachia plutoniamu shaka ndogo isiyozimika. Ofisa wa lango akiiona shaka hiyo kwenye kioo, atamwomba dereva ashuke na kusogea mita kadhaa, atapima lori peke yake na dereva peke yake, na kama shaka itabaki kwenye lori, ataagiza kigunduzi cha jermaniamu.